Utepe hukatwa mwisho: jibu kwa mwandishi mpya wa habari za ardhi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwandishi wa redio hapa Dodoma, nina miaka miwili kazini. Mhariri amenikabidhi habari za ardhi na makazi baada ya mwenzangu kuhama. Kila wiki naalikwa kwenye uzinduzi wa mradi wa viwanja. Naenda, narekodi hotuba, narudi, habari inaruka jioni. Halafu wasikilizaji wananipigia: "Wewe dada, unauza viwanja au unatoa habari?" Sikusomea mipango miji, na ramani zenyewe sijui kuzisoma. Nianzie wapi ili kazi yangu isiwe tangazo la biashara, na nisije nikaishia mahakamani? La mwisho naona haya kuuliza: kampuni moja imeniahidi kiwanja kwa nusu ya bei, nilipe kidogo kidogo. Nichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la kiwanja niachie nilijibu mwisho, maana nina la kusema ambalo mimi mwenyewe halinipendezi.

Hao wanaokupigia simu wamekutendea wema. Mimi hakuna aliyenipigia. Nikiwa kijana Dar es Salaam niliandika habari ya kampuni iliyozindua mradi nje kidogo ya mji. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, pilau, na bahasha ya "nauli" iliyoizidi nauli mara nne. Nikaandika "mji wa kisasa". Nikaandika "huduma zote muhimu", wakati huduma zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye bango. Baada ya mwaka na ushee, mwalimu mmoja wa shule ya msingi akanitafuta mpaka ofisini, ukurasa wangu ameukunja ndani ya daftari. Alinunua viwanja viwili kwa mkopo wa chama chao cha akiba. Eneo lile lilikuwa na kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya tangu kabla lile turubai halijasimamishwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani ulikuwa hujui?"

Sikuwa najua. Na kesi ilikuwa na namba, ilikuwa na tarehe, na baraza lenyewe lilikuwa umbali wa daladala moja kutoka ofisini kwetu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za ardhi zinaanzia wapi, simtajii ramani wala sheria. Namtajia tarehe. Ardhi hupanda bei siku uamuzi unapopitishwa kwenye chumba ambacho wewe hukualikwa: siku barabara inapochorwa, siku shamba linapobadilishwa kuwa makazi, siku inapoamuliwa stendi iende upande gani. Waliokuwamo chumbani, na shemeji zao, wanaweza kununua wiki inayofuata. Mwenye shamba anauza kwa bei ya mihogo kwa sababu anachokiona yeye ni mihogo. Mwandishi anaitwa siku ya kukata utepe, pesa zimeshaliwa kitambo. Kazi yako ni kurudi kinyumenyume kutoka kwenye utepe, tarehe baada ya tarehe, mpaka uufikie mlango wa kile chumba.

Wewe uko Dodoma, na kwa somo hili hujapungukiwa kitu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA. Mwaka 1976 ukapatikana mpango kabambe uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Kisha miaka arobaini ya kusuasua. Tarehe 25 Julai 2016, siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia kweli. Mei 2017 akaivunja CDA na mali zake zikaenda kwa halmashauri. Aprili 2018 ikawa jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika manispaa; ya 2022 ikawakuta 765,179. Hizo ndizo tarehe zako za msingi, zibandike ukutani. Hati aliyopewa mtu enzi za CDA kwa kawaida ilikuwa ya miaka 33. CDA ilipovunjwa yakatoka maelekezo ya hati za miaka 99. Kwa hiyo mtu akikuletea hati mkononi akilalamika, kabla hujasoma jina angalia mwaka na muda wa umiliki. Utajua ni enzi ipi inazungumza na nani alikuwa na mamlaka ya kuitoa.

Chukua barabara ya mzunguko, kilometa 112.3, inayotoka Nala ikapita Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa, Matumbulu, ikarudi Nala. Wenzako wameripoti asilimia za ujenzi, na hilo si baya. Lakini barabara ya namna hiyo haianzi na katapila. Inaanza na upembuzi yakinifu, ikaja michoro, ukaja uthamini wa mali za watu, ikaja fidia, ndipo mkandarasi. Kati ya michoro na uthamini huwa kuna mwanya. Nani alinunua mashamba kando ya mstari ule ndani ya mwanya huo? Inawezekana hakuna. Sisemi kuna aliyekosea. Nasema swali hilo jibu lake limo kwenye makaratasi, na sijasikia redio ikiliuliza.

Sasa makaratasi. Usiogope kutosoma mipango miji, mimi nilisoma lugha. Kuna karatasi nne ambazo watu huzichanganya makusudi, na ukishazitenganisha umeshawapita waandishi wengi. Mpango kabambe unasema upande huu wa mji utakuwa nini kwa miaka ishirini ijayo. Mchoro wa mipango miji, ambao mafundi wanauita TP, unaonyesha mtaa mmoja mmoja: hapa nyumba, hapa shule, hapa njia. Ramani ya upimaji ni ya mpimaji aliyesajiliwa, ina namba yake, na mawe ya mipaka yanayoonekana kwayo yako ardhini kweli. Hati ndiyo umiliki. Muuzaji anayekwambia "kila kitu kipo" mara nyingi ana ya pili, au picha ya ya pili kwenye simu.

Mchoro ukiupata, anza na kona ya chini. Kuna namba ya mchoro, tarehe, na sehemu ya saini za kuidhinisha. Sehemu hiyo ikiwa tupu, ulichoshika ni matamanio ya mtu. Halafu tafuta maeneo ambayo hayauziki: shule, zahanati, uwanja wa wazi, makaburi, bonde. Yahesabu. Kisha panda bodaboda uende nayo. Simama pale ramani inapoandika "shule ya msingi" uangalie kuna nini. Habari mbili kubwa nilizowahi kuandika zilipatikana hivyo, nimesimama juani na karatasi, mbele yangu kuna ukuta mpya na mbwa anabweka ndani. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu: Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi wakiandamana kupinga ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Lakini ukuta haukuota usiku mmoja, na kabla ya ukuta kulikuwa na karatasi.

Neno jingine la kuchunga ni "kimepimwa". Kijana mwenye kamba na chupa ya rangi naye hupima. Muulize muuzaji swali moja: ramani ya upimaji namba ngapi, imeidhinishwa lini? Akikujibu "iko kwenye mchakato", usimfasirie. Andika alivyosema: kampuni inauza viwanja ambavyo upimaji wake, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, uko kwenye mchakato. Hilo neno mchakato limemeza miaka ya watu wengi kuliko mafuriko.

Tena uliza "20 kwa 20" ya nini. Mashambani watu wanapima kwa hatua, na ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua ya mtu mzima haifiki mita moja, ni kama sentimeta 90. Kiwanja cha hatua 20 kwa 20 ni mita za mraba 324 hivi, wakati mnunuzi aliyeko Dar anayelipa kwa simu anafikiria 400. Mita 76 zimeyeyuka na hakuna aliyesema uongo. Fanya hesabu hiyo hewani, taratibu, kama unamwelekeza mtu njia, uone simu zitakavyoingia.

Fanya na hii. Tuseme kampuni imenunua ekari kwa Sh milioni 6. Ekari ina mita za mraba 4,047. Toa asilimia 30 ya njia na maeneo ya wazi, zinabaki kama 2,830. Ikiuza mita moja kwa Sh 8,000 inapata zaidi ya milioni 22. Faida si dhambi. Kuna gharama za kupima, kuchonga barabara, kodi, matangazo, pamoja na lile pilau. Lakini msikilizaji akishaijua hesabu hiyo ataanza kuuliza barabara ilichongwa kweli au liliparuliwa vumbi tu, na kwa nini ile asilimia 30 mwaka huu imekuwa 15.

Nimekaa sana kwa wauzaji. Habari nzito zaidi, na ngumu zaidi, ni za wanaoondolewa.

Kuna kosa moja ambalo waandishi tulilifanya sana Kimara mwaka 2017, nami nilikuwemo. Nyumba zilivunjwa kando ya barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kiluvya ili ipanuliwe. Tulipiga picha za akinamama wamekaa juu ya makochi barabarani, tukaandika machozi. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini mgogoro wenyewe ulikuwa wa namba moja na tarehe mbili. Namba ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, hifadhi ambayo Serikali ilisema imetokana na sheria za barabara za zamani sana, mizizi yake ikiwa enzi za mkoloni. Tarehe ya kwanza ni ya hifadhi hiyo. Ya pili ni ya watu: lini walifika, lini eneo lao lilitambuliwa kama kijiji au mtaa, lini waliwekewa umeme na maji, lini walianza kutozwa kodi ya majengo. Wengine walikuwa na kesi mahakamani katapila lilipofika. Mwandishi ambaye angeziweka tarehe hizo kwenye mstari mmoja angemsaidia msomaji kuliko sisi wote na picha zetu.

Tena kuna jambo la rangi. Kwenye barabara za kawaida za Serikali Kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabika kaifuata barabara. Huyo hupigwa X nyekundu na halipwi. Aliye kati ya 22.5 na 30, barabara ndiyo iliyomfuata. Huyo hupigwa X ya kijani na anastahili fidia. Ukifika kwenye bomoabomoa, kabla hujamnyooshea mtu kinasa sauti, angalia rangi ya ukuta. Halafu chukua futi kamba. Nimewahi kumkuta mzee mwenye X nyekundu, tukapima naye kwa kamba ya katani mbele ya watendaji wa mtaa, ikasoma mita 24. Siku ile hatukuhitaji hotuba.

Fidia ina kanuni zake, za mwaka 2001, na ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mbali na thamani ya ardhi na nyumba kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, kuna faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na kuna usafiri. Usafiri wenyewe ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo umbali wa kilometa 20. Nenda kamuulize mjane yeyote anayesubiri fidia kama aliwahi kuambiwa habari ya tani 12. Kwa ardhi tupu isiyokaliwa na mtu, baadhi ya posho hizo hazipo, na ndiyo maana utasikia ugomvi mkubwa juu ya kibanda kama kilikuwepo au hakikuwepo siku ya uthamini.

Siku ya uthamini. Tumerudi kwenye tarehe. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kudai riba, na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini wenyewe ukivuka miaka miwili bila malipo unakufa, unafanywa upya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wananchi wanaosubiri si "mnajisikiaje?". Ni "mlisaini fomu lini?" Wengi wana nakala, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki. Iombe, ipige picha, soma tarehe. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, habari umeshaipata na hujaondoka kwenye mkeka.

Kigamboni ndiko nilikojifunza gharama ya kusubiri. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, na watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Magazeti yetu yalijaa michoro ya maghorofa ya vioo, maana michoro ile ilikuwa mizuri kweli na ukurasa ulipendeza. Niliporudi huko baada ya miaka kadhaa, mzee mmoja hakunionyesha nyumba, alinipeleka kwenye choo chake. Ukuta mmoja umeanguka, ameziba kwa kanga na fito. Alikuwa na matofali yake pembeni, yameota majani. Anaogopa kujenga, akiambiwa kaongeza mali baada ya katazo. Daraja likafunguliwa 2016, lakini ule mji wa michoro haukuja. Tangazo la mradi huwa tunaliandika ukurasa wa kwanza. Mradi ukifa hakuna anayeandika, kwa sababu hakuna utepe. Weka daftari la miradi iliyotangazwa kwenye mkoa wako, kila mmoja na tarehe uliyoahidiwa ya kumalizika, na kila mwanzo wa mwezi pigia simu wahusika wa mitatu kati yake. Mhariri akilalamika huna habari ya Jumatatu, fungua daftari.

Makaratasi yenyewe utayatoa wapi? Mengine yako wazi kabisa. Kurasa za nyuma za magazeti, zile za matangazo madogo ambazo waandishi huzifungia maandazi, ndizo kurasa zangu za kwanza asubuhi: hati iliyopotea na msajili anatoa muda wa pingamizi, kusudio la kubadili matumizi ya eneo, mnada wa nyumba ya mdaiwa. Hati tatu "zilizopotea" ndani ya mtaa mmoja mwezi mmoja ni habari. Upekuzi kwa Msajili wa Hati unalipia ada, unaambiwa mmiliki ni nani na kama kuna rehani. Kampuni utaipekua BRELA, kwenye usajili wa kampuni, uone wakurugenzi na wanahisa. Mara nyingine kampuni ya "miaka kumi ya uzoefu" imesajiliwa Machi iliyopita. Baraza la ardhi lina rejista ya kesi. Kama ardhi ilikuwa ya kijiji, sheria namba 5 ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uhusike kabla haijahamishwa. Hadi hekta 250 mkutano wenyewe ndio unaokubali au kukataa, zaidi ya hapo unapendekeza kwa Waziri. Omba muhtasari na orodha ya mahudhurio. Isome kwa macho yako, si kwa kusimuliwa. Niliwahi kukuta majina 60 yenye saini zilizolalia upande mmoja, wino mmoja, na mama mmoja kwenye orodha ambaye wanakijiji walinionyesha kaburi lake.

Wakikunyima, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kukujibu. Ipeleke mwenyewe, isainiwe kwenye dispachi, ubaki na nakala yenye mhuri. Siku ya 31 unaruka hewani na sentensi moja kavu: tuliomba tarehe fulani, hatujajibiwa. Nimeona sentensi hiyo ikifungua makabati yaliyoshindikana kwa mwaka.

Ripoti kubwa nazo anza kuzisoma kutoka nyuma. Kenya, tume ya Ndung'u ya ugawaji haramu wa ardhi ya umma iliwasilisha ripoti mwaka 2004, na wenye haraka walisoma muhtasari. Majina na namba za viwanja vilikuwa kwenye viambatisho. Kwetu, ripoti za CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hutoka kila Aprili, na ukizisoma kwa subira utakuta hadithi ya ardhi pale ambapo jedwali linasema "mtaji". Mradi wa nyumba wa Dege kule Kigamboni, uliosimama 2016, ulihojiwa pamoja na mambo mengine kwa jinsi ardhi ya mbia ilivyothaminishwa kuwa sehemu ya mtaji wake. Ardhi ikigeuka mtaji, uliza nani aliithamini na alinunua kwa bei gani mara ya mwisho, lini.

Watu wa kufahamiana nao siyo wale wanaokaa meza kuu. Fahamiana na karani wa masjala, mpimaji aliyestaafu, mwenyekiti wa mtaa aliyeshindwa uchaguzi uliopita (huyo ana kumbukumbu na ana muda), na madalali. Dalali hana kikao cha siri anachokihudhuria, lakini anajua wiki iliyopita nani alikuja na gari gani akauliza mashamba upande upi. Usimnukuu. Mnywee naye chai.

Na takwimu, tafadhali. Ile ya kwamba asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi makazi yasiyopangwa nimekuwa nikiisoma tangu nina nywele. Jiji lilikuwa na watu karibu milioni 2.5 sensa ya 2002, likawa na milioni 5.38 sensa ya 2022, asilimia imebaki palepale. Inawezekana ni kweli. Lakini anayekutajia muulize imehesabiwa lini, na "yasiyopangwa" maana yake nini, maana mtaa uliorasimishwa na kupewa hati jana bado watu wanauita wa kiholela.

Kuhusu mahakama, mimi nimeitwa mara moja na nikatoka salama, sababu ikiwa mkoba wa nakala. Usimwite mtu tapeli, hata akiwa tapeli. Sema hati hii inaonyesha tarehe hii, ile inaonyesha tarehe ile, tulimtafuta mara tatu, siku hizi na saa hizi, alijibu hivi. Tarehe hazitukani. Kesi ikiwa mahakamani ripoti kilichosemwa mle ndani, usihukumu. Mpe anayetuhumiwa muda wa kweli wa kujibu, si simu ya saa kumi na moja kwa habari ya saa moja. Wengine wakijibu watakuonyesha karatasi inayoua habari yako yote. Ikinitokea nanuna siku mbili, kisha nashukuru.

Sasa kile kiwanja.

Bahasha ya nauli kila mtu anaijua, na mishahara yetu naijua pia, sitakuhubiria. Bahasha unaila, inaisha. Kiwanja hakiishi. Ukishakuwa na kiwanja kwenye mradi, bei ikipanda unafurahi, ikishuka unaumia, na siku mama mmoja atakapokupigia kwamba mawe yake ya mipaka yamehamishwa usiku kwenye mradi huohuo, utamsikiliza kwa sikio la mwenye mali. Hutajiona unadanganya. Utaona tu kwamba habari hiyo haina uzito, kuna nyingine ya maji ya kusambaza. Ukitaka kiwanja nunua, tena nunua mapema ukiwa kijana, lakini kwa bei ile ile aliyopangiwa muuza genge, kwenye mradi ambao hujawahi kuutangaza, na umwambie mhariri wako kwa maandishi kiko wapi.

Nayasema haya kwa sababu mimi nilichukua. Ilikuwa nusu bei kama hiyo yako, baada ya habari ya tatu niliyowaandikia watu fulani. Kiwanja kiko mpaka leo, nimekizungushia michongoma, na kila mwaka nalipa kodi ya pango la ardhi. Kata ile ilikuja kuwa na mgogoro wa miaka saba, ulioripotiwa na kila gazeti. Kwenye mafaili yangu ya kazi hakuna habari hata moja niliyoiandika kuuhusu.